Mimea hai katika tangi la kobe wa majini: ni ipi itakayodumu?

Mlezi_wa_Kobe (St. Louis) ameuliza:

Ndugu wafugaji, habari za siku nyingi.

Ninafuga kobe jike wa majini, wa aina ile yenye baka jekundu nyuma ya kila jicho, ambayo asili yake ni bonde la mto Mississippi, yaani huku huku ninakoishi. Gamba lake limefikia urefu wa sentimita 18, na anaishi katika tangi la lita 280 lenye chujio la nje, taa ya joto na taa ya UVB (miale ya urujuanimno) juu ya jukwaa lake la kuotea joto. Maji huwa kati ya nyuzi 24 na 26 za Selsiasi. Sakafu ya tangi nimeiacha wazi, kwa sababu changarawe ndogo huweza kumezwa na kumziba utumbo.

Ningependa kuondoa mimea ya plastiki, ambayo ameanza kuing'ata vipande vipande, na kuweka mimea hai mahali pake. Naomba kujua ni mimea gani inayofaa, itashikiliwaje pasipo mchanga, na kama kweli itanipunguzia kazi ya kubadilisha maji. Shemeji yangu aliyeko Mwanza amenishauri niweke magugumaji, lakini mpaka sasa sijaelewa kama alikuwa akisema kweli au akinitania.

Fundi_Matangi (Nairobi) amejibu:

Ndugu Mlezi, kwanza tukubaliane juu ya tabia ya mnyama mwenyewe. Kobe wa aina hiyo akiwa mchanga hupendelea wadudu, konokono na samaki wadogo, lakini kadiri anavyokua ndivyo majani yanavyochukua nafasi kubwa zaidi katika chakula chake. Kwa ukubwa aliofikia huyo wako, kila mmea utakaoingia tangini atauonja, na ule utakaomnogea atarudi kuumaliza. Kwa hiyo una njia mbili tu: kuchagua mmea ambao hataupenda, au kuchagua mmea unaokua haraka kiasi kwamba hasara haitakuumiza.

Kwa njia ya kwanza, mmea ninaouamini ni Anubias, wenye asili ya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, ambako huota juu ya mawe na magogo kando ya vijito. Majani yake ni magumu, hauhitaji mwanga mkali, na jambo linalokuhusu wewe hasa ni kwamba hauhitaji udongo hata kidogo. Una shina nene linalotambaa, ambalo halipaswi kufukiwa, kwa sababu likifukiwa huoza na mmea wote hufa. Lifunge kwenye gogo au jiwe kubwa kuliko kichwa cha kobe kwa uzi wa pamba, nayo mizizi italishika gogo kabla uzi haujaoza, au libandike kwa supagluu nzito ya jeli, ambayo hugandia hata kwenye unyevu. Uzi wa nailoni siupendi katika tangi la kobe, kwa kuwa ukifunguka anaweza kuumeza. Kangaga la Java hutunzwa kwa namna hiyo hiyo, ingawa majani yake si magumu sana kama ya Anubias.

Tahadhari moja: kobe huharibu kwa makucha zaidi kuliko kwa mdomo. Mmea uliobandikwa kwenye njia anayopita kupanda jukwaani utang'olewa hata kama kobe hataki kuula, kwa hiyo uweke pembeni au nyuma ya gogo.

Mwana_wa_Nyanza (Mwanza) amejibu:

Shemeji yako alikuwa akikutania, ndugu yangu, na kama hakuwa akitania basi msalimie na umwambie atembelee mialo yetu. Magugumaji yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, nasi mpaka leo tunaona mitumbwi ikikwama na mitego ikipotea chini yake. Mmea huo unataka jua kali la nje. Ukiuweka chini ya taa za ndani utageuka njano na kuoza, ukiyachafua maji uliyotaka kuyasafisha. Isitoshe, baadhi ya majimbo ya Marekani yanakataza hata kuumiliki, kwa hiyo soma sheria za kwenu kabla ya kununua mmea wowote unaoelea.

Badala yake ninakupendekezea Ceratophyllum demersum, ule mmea wenye majani membamba kama sindano ambao huku ziwani hupatikana kwenye ghuba zilizotulia, na huko Marekani pia ni wa asili. Hauna mizizi kabisa, huelea au huzama wenyewe, na hufyonza lishe moja kwa moja kutoka majini, ikiwamo amonia inayotokana na uchafu wa kobe. Hii ndiyo njia ya pili aliyoitaja Fundi. Tafuta beseni kubwa, liweke mahali penye mwanga, uoteshe akiba yako humo, kisha kila mara uhamishie tangini kiasi ambacho uko radhi kiliwe. Ukihamishiwa ghafla kwenye maji tofauti, mmea huo hupukutisha majani kwa siku kadhaa, nayo huenda yakaziba mdomo wa chujio, kwa hiyo uvike mdomo huo sponji.

Mlezi_wa_Kobe ameandika:

Nawashukuru sana nyote wawili, na salamu za shemeji nitazifikisha. Je, ule mmea wa mapambo wa sebuleni unaotambaa, wenye majani ya umbo la moyo na mabaka ya njano, unaoitwa pothos, unafaa? Nimeona watu wakiacha mizizi yake ining'inie ndani ya maji.

Bustani_ya_Bibi (Muscat) amejibu:

Mwanangu, hapo nitakuwa mkali kidogo. Pothos una fuwele za okzaleti ya kalsiamu, ambazo huchoma mdomo na koo la mnyama anayeutafuna. Wapo wanaosema kobe wao wameula bila kudhurika, lakini sioni sababu ya kujaribu bahati wakati ipo mimea mingine. Ukiutaka kwa sababu mizizi yake hufyonza vizuri naitreti, yaani mabaki ya uchafu wa kobe yanayojikusanya majini, basi mizizi hiyo ikae ndani ya kisanduku cha chujio cha kuning'iniza ukingoni, mahali ambapo kobe hawezi kufika, na matawi yapandishwe ukutani, mbali na jukwaa lake.

Jambo ambalo halijatajwa ni usalama wa mmea wenyewe unapotoka dukani. Mimea mingi ya kitalu hupuliziwa dawa za wadudu, na vyungu vyake huwa na punje za mbolea zinazoyeyuka polepole. Ondoa udongo na pamba yote iliyozunguka mizizi, suuza kwa maji mengi, kisha uache mmea ndani ya ndoo ya peke yake kwa wiki mbili, ukibadilisha maji yake mara kwa mara. Konokono wadogo watakaotokea humo wasikutie hofu, maana kobe wako atawashukuru.

Na kazi hiyo usiifanyie kwenye sinki la jikoni. Kobe anaweza kubeba bakteria wa Salmonella bila yeye mwenyewe kuugua, na ni kwa ajili hiyo serikali ya huko kwenu ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofikia inchi 4, kwa kuwa watoto walikuwa wakiwatia mdomoni.

Fundi_Matangi amejibu tena:

Namuunga mkono Bibi kuhusu pothos. Nimegundua pia kwamba swali la kubadilisha maji hatujalijibu. Mimea itapunguza naitreti na itaupa mwani mshindani, lakini kobe mmoja huchafua maji kuliko samaki wengi wa urefu wake wakijumlishwa, na mimea michache iliyotafunwa haiwezi kubeba mzigo huo. Endelea kubadilisha robo ya maji kila wiki, na uchague chujio lililotengenezwa kwa tangi la ukubwa wa angalau mara mbili ya hilo lako.

Kuhusu mwanga, taa ya UVB ni ya kobe, si ya mimea. Ongeza taa ya LED ya kawaida yenye mwanga mweupe, iwake saa 8 hadi 10 kwa siku. Ukiona mwani mweusi unashika kingo za majani ya Anubias, punguza saa hizo kabla ya kufikiria dawa yoyote, kwa sababu dawa nyingi za kuua mwani zina shaba, nami nisingependa kobe anywe maji hayo.

Nunua mche mmoja tu wa Anubias kwanza, uone ataufanya nini.

Mlezi_wa_Kobe ameandika:

Nimeelewa. Jumamosi nitanunua mche huo pamoja na fungu la Ceratophyllum na ndoo mbili, moja kwa kila mmea.