Jenereta mbili za kVA 100: kuzioanisha, kugawanya mzigo au kununua moja kubwa?

Mama Mkate
Wadau, hamjambo. Nina kiwanda kidogo cha mkate hapa Kariobangi Light Industries, Nairobi. Tangu ule usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea nchi nzima, sithubutu kukanda unga bila jenereta. Ya kwanza ni ya kVA 100, gavana yake (kile kifaa kinachoshika mwendo wa injini) ya kimekanika. Sasa nimepata ya pili, kVA 100 pia, ya kampuni nyingine, gavana ya kielektroniki. Mchana tanuri, mashine za kukandia na friji zikiwaka pamoja nafika kW 120. Usiku zinabaki friji na taa, kama kW 20. Fundi mmoja anasema tuzioanishe, yaani ziungane zibebe mzigo pamoja, kwa kutazama taa tatu, mwingine anataka paneli ya kujiendesha, mume wangu anasema tuuze zote tununue moja ya kVA 200. Nisaidieni kabla sijatoa pesa.

Baharia Mstaafu
Mama, pole kwa kazi. Melini tulikuwa tukiunganisha jenereta kwa mkono kila siku, kwa hiyo usitishwe kwamba haiwezekani. Mambo manne lazima yalingane kabla ya kufunga breka: volti, hertz, mfuatano wa fezi na pembe ya mawimbi. Sisi tulitazama sinkroskopu, saa yenye mshale unaoonyesha jenereta mbili zimepishana kiasi gani. Unaacha jenereta inayoingia iwe mbele kidogo sana, mshale uzunguke polepole kuelekea upande wa kasi, unafunga ukikaribia juu kabisa, penye 12 kwenye uso wa saa. Ikiingia hivyo inapokea mzigo papo hapo badala ya kusukumwa na mwenzake.

Hizo taa tatu zinafanya kazi, zikizima ndipo mawimbi yanalingana, ila jihadhari. Zikifungwa fezi kwa fezi, kila moja inaweza kupata hadi volti 480 mawimbi yakipingana, ndiyo maana huwekwa balbu mbili za volti 240 mfululizo. Taa zote zikiwaka na kuzima kwa pamoja, mfuatano ni sawa. Zikipokezana, usiguse breka, kuna fezi zimebadilishana. Na balbu huzima kabla volti haijafika sifuri, kwa hiyo giza lake halikuambii umefika katikati.

Fundi wa Paneli
Nakubaliana na mzee kuhusu kufunga, lakini hapo ni sekunde mbili tu. Shida ya mama itaanza baada ya hapo, na sioni mtu akiitaja.

Jenereta mbili zikishaungana zinazunguka kwa hertz moja. Nani abebe kW ngapi, linaamuliwa na gavana, yaani jinsi kila injini inavyolegea mzigo unapoongezeka. Chukua mfano wa mashine zako, kila moja ikiwa na kW 80 (ndiyo kVA 100 kwa pawa fakta ya 0.8). Ya kwanza iko hertz 52 bila mzigo, inashuka hadi 50 ikijaa. Ya pili, kwa sababu gavana yake ni ngumu zaidi (inalegea kidogo), imewekwa 51 na inashuka hadi 50. Mchana ukiwa na kW 120, ya kwanza inabeba 67 na ya pili 53. Unaridhika, unaenda nyumbani. Usiku mzigo unashuka hadi 20. Ya kwanza sasa inatoa 33, na ya pili inakula 13! Jenereta imegeuka mota, inazungushwa na mwenzake, unachoma dizeli kuzungusha chuma. Na ukisikiliza nje husikii tofauti yoyote.

Ndiyo maana rilei ya nguvu kurudi nyuma, ile inayofungua breka jenereta ikianza kula umeme, si kitu cha kuongezea baadaye. Kwa dizeli wengi huiweka kati ya asilimia 5 na 15 ya uwezo wa mashine. Volti nazo zina ugomvi wao: AVR (kifaa kinachoshika volti za jenereta) moja ikiwa juu kidogo, mkondo unazunguka kati ya mashine mbili bila kukufanyia kazi yoyote, na koili zinapata moto.

Dada wa Baridi
Mimi nina ghala la baridi Ruaraka, jenereta mbili, na sikuzioanisha. Kila moja ina chenjiova yake, swichi ya kubadilisha kati ya stima na jenereta, na upande wake wa mzigo. Ni rahisi, fundi yeyote mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, anaielewa, na hazikutani kamwe. Kasoro naisema wazi: upande mmoja unaweza kulemewa huku mwingine umekaa bure, na mashine moja ikifa nusu ya kazi inasimama. Niliweka swichi ya kuunganisha pande mbili, yenye kufuli inayozuia jenereta zote kuingia pamoja. Mama, tanuri lako peke yake ni kW ngapi?

Mama Mkate
Tanuri ni 60, dada. Zinazobaki zote zinafika 60 pia.

Dada wa Baridi
Basi mzigo wako umeshajigawanya wenyewe.

Kijana wa Dizeli
Naomba niseme nililoliona. Mahali nilipokuwa kibarua, stima ilipotea wakati wa oda kubwa, tukaharakisha tukafunga breka mshale ukiwa upande wa chini kabisa. Kishindo kilitikisa sakafu. Kapulingi kati ya injini na alternata ilikatika mipira yote. Hakuna aliyeumia, nashukuru Mungu hadi leo. Hata ukiamua kufanya kwa mkono, weka rilei inayozuia breka kufunga pembe ikiwa mbaya.

Kuhusu moja ya kVA 200: usiku kW 20 kwenye mashine ya kW 160 ni asilimia 12 na ushee. Dizeli ikikaa hivyo usiku baada ya usiku haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui vizuri, egzosi inaanza kuvuja uchafu mweusi. Na siku ya sevisi huna mbadala.

Mama Mkate
Hiyo nimeielewa, na mume wangu ameisoma. Je, hii ya gavana ya kimekanika inaweza kuingia kwenye paneli ya kujiendesha?

Fundi wa Paneli
Inaweza, lakini lazima ifungwe aktueta (kifaa cha umeme kinachosogeza mafuta ya injini) na kontrola ya mwendo kwanza, na AVR zote mbili zikubali kurekebishwa kutoka nje. Kontrola kama DSE 8610 au za ComAp huoanisha, hugawa mzigo na kuzima mashine moja usiku. Weka aina moja pande zote mbili kwa sababu zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Jambo lingine: mchana ukiwa kW 120 moja ikifa, inayobaki ya 80 haiwezi. Paneli iangushe tanuri mara moja. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo soma kitabu cha injini uone kama hiyo 80 bado ni 80 hapa, hasa kama haina turbo.

Ushauri wangu: anza na njia ya dada sasa hivi. Ukikusanya pesa za aktueta na kontrola, njoo kwenye paneli.

Baharia Mstaafu
Siku hiyo ikifika, zikiwa pamoja pima mkondo kwenye nyutro ya kila jenereta. Ukiwa mkubwa ilhali fezi zimebeba sawa, alternata zimesukwa tofauti, na hilo kontrola haitalitibu.

Mama Mkate
Asanteni sana. Jumatatu fundi anakuja kutenganisha laini ya tanuri. Nitaleta vipimo vya kila upande hapa.