SAFARI YA DUBAI – UKOO WOTE

Zena 19:02
Asalaam alaykum jamani. Tangu juzi kimya. Nasema tena, safari ni Agosti, watoto wamefunga shule na hoteli kule msimu huo bei zinashuka sana. Nataka picha ya paspoti ya kila mtu, ule ukurasa wenye sura, na iwe imebakisha zaidi ya miezi 6, hata za watoto, viza inaombwa mtandaoni na hawatazami huruma

Zena 19:41
Mmesoma wote hajajibu hata mmoja

Baba Ilham 19:42
👍

Zena 19:42
Weye tunakaa nyumba moja, nataka wengine

Salim 20:05
W/salaam da Zena. Agosti hapana. Mi nimefanya kazi kule najua nnachosema, bei zinashuka kwa sababu hakuna mtu anaweza kutembea nje. Mchana joto linapita 40 na usiku halipungui la maana, tena na ule unyevu wa bahari, ukitoka mlangoni tu miwani inaingia ukungu. Hata wajenzi wanasimamishwa kazi za juani saa sita na nusu mpaka saa tisa, kuanzia katikati ya Juni mpaka katikati ya Septemba, ni sheria ile kila mwaka

Zena 20:07
Salim wewe kila kitu hapana. Tutakaa ndani, Dubai Mall peke yake siku mbili haimaliziki, ina samaki ina barafu ya kuteleza, na metro ina kiyoyozi na inakuja mpaka uwanja wa ndege

Salim 20:09
Inafika terminal 1 na 3. Ya 2 haifiki, na ndege nyingi za bei nafuu zinashukia ya 2

Hafidh 20:10
Mi nataka Burj Khalifa tu nifike ghorofa ya mwisho nichungulie mama anapika nini

Salim 20:12
Mnara una mita 828 lakini mtalii haendi juu yote Hafidh, mwisho ni ghorofa ya 148, wengi wanaishia 124 na 125. Ile saa ya jua kuzama ndo tiketi ghali, nendeni asubuhi

Rukia 20:20
Nina jambo kubwa kuliko mnara. Dawa za Mama za magoti nimesoma kwenye boksi ni tramadol. Kule ile ni dawa inayodhibitiwa, lazima kibali cha serikali yao kabla hujasafiri na cheti cha daktari, watu wameshawahi kushikwa uwanja wa ndege kwa dawa kama hizo hizo. Nani analishughulikia hili

Hafidh 20:21
Bibi mhalifu wa kimataifa 😂😂😂

Ilham 20:21
😂😂😂😂

Hafidh 20:22
na ule mtandio wa njano

Rukia 20:23
Hafidh nakuona

Hafidh 20:23
Samahani mama

Zena 20:25
Dawa tutaongea baadae, kwanza paspoti

Rukia 20:26
Baadae lini? Hata ile ya basi ilikuwa baadae

Zena 20:26
Rukia usianze

Rukia 20:27
Sijaanza, nimeuliza dawa

Zena 20:29
Ile ya basi nlishaieleza mbele ya Baba Ilham

Rukia 20:29
Baba Ilham hakuwemo kwenye basi

Baba Ilham 20:31
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Hafidh 20:31
Baba mkubwa tumeshausoma 👀

Mwanaisha 20:58
Nilikuwa na wageni ndo nashika simu. Hivi mwezi wa nane Global Village, yale maonyesho ya nchi nyingi, iko wazi? Wanangu wanaililia hiyo

Salim 21:00
Inafungwa wakati wa joto, inafunguliwa Oktoba. Miracle Garden ile ya maua vilevile

Mwanaisha 21:01
Sasa tunakwenda kuangalia nini

Zena 21:04
Jamani vipo! Kuna Museum of the Future, kuna Dubai Frame mita 150 ukiwa juu upande huu unaona Deira ya zamani upande huu minara mipya, na siku moja tunakwenda Abu Dhabi msikiti wa Sheikh Zayed, kuingia bure ila unajisajili kabla

Mama 21:15
🎤 1:12

Ilham 21:22
Bibi anasema niandike maana kuna watu hawasikilizi sauti. Anawasalimu wote. Anasema mnara hapandi na maduka hana haja nayo, kinachompeleka yeye ni ile hori yao ya bahari, Babu marehemu alikuwa anaingia pale na jahazi la boriti minara haijakuwepo. Anataka akae kwenye abra, ile mashua yao ya kuvushia watu, avuke kutoka Deira mpaka Bur Dubai, basi. Salim alishamwambia nauli dirham 1 kwa hiyo asisikie habari ya gharama. Na anasema, Zena, fedha ya basi ya mwenzio irudi kwanza. Isiporudi paspoti yake haitoki kwenye sanduku

Zena 21:50
Sawa Mama

Salim 21:56
Mama, nyumba za zamani za Al Fahidi mpaka leo darini zina boriti za mikoko, ntakupeleka uzione. Rukia nitumie picha ya boksi la dawa na cheti cha daktari, kiwe kipya, kibali ntakiomba mie kesho. Da Zena, ile abra ya dirham moja iko wazi pande zote haina kiyoyozi. Mama umri ule umkalishe pale Agosti?

Zena 22:14
Basi Januari. Nani ana likizo Januari

Baba Ilham 22:14
👍

Hafidh 22:15
Mi Januari mitihani

Mwanaisha 22:20
Wangu Januari wanafungua shule. Desemba je

Salim 22:24
Desemba hewa nzuri sana ila mwisho wa mwezi bei zinaruka, watu wanajaa kuangalia fataki za mwaka mpya

Zena 22:26
Niangalizie wiki ya pili ya Desemba. Na paspoti bado nazitaka. Rukia namba yako ni ileile?

Rukia 22:27
Ileile

Rukia 22:41
Imeingia nusu

Zena 22:42
Nyingine mwisho wa mwezi

Rukia 22:42
Mwambie Mama