Zuhra anapita Jumapili
Kikundi: Ukoo wa Bibi, Ulaya
Alhamisi, 12 Februari 2026

Shangazi Rehema, 07:12
Asalaam alaykum na habari za asubuhi nyote. Jumapili ndiyo hii. Zuhra anapita na shule yake kwenye maandamano ya karnevali hapa Köln. Nataka majina ya wanaokuja kabla ya adhuhuri.

Shangazi Rehema, 07:15
Si yale maandamano ya Jumatatu, Rosenmontag, msichanganye. Haya ni Schull- un Veedelszöch, ya shule na mitaa. Wengi wanatembea kwa miguu, hata mtoto mdogo anaona vizuri. Na vikundi vya mitaa vinavyopendeza zaidi vinapewa nafasi ya kupita tena Jumatatu.

Shangazi Rehema, 09:40
Naona mmesoma wote. Jibu hakuna.

Shemeji Juma (Düsseldorf), 09:52
Helauuu! 🎉

Shangazi Rehema, 09:53
Shem, salamu ya karnevali Köln ni Alaaf, Helau ni ya kwenu Düsseldorf. Ukipiga Helau pale Severinstraße mimi sikujui.

Shemeji Juma, 09:55
Basi nitanyamaza nifungue mwavuli tu 😂

Neema, 09:58
Kwani kutanyesha?

Shemeji Juma, 09:59
Unaugeuza juu chini shemeji, unapiga ukelele "Kamelle!" peremende zinamiminika humo. Mwaka ule nilijaza mifuko miwili

Shangazi Rehema, 10:01
Na watoto wa nyuma yako hawakuona kitu. Mwavuli usije nao. Jamani sikilizeni: tunasimama karibu na Chlodwigplatz, mkono wa kulia wa wanaopita. Zuhra nimeshamwambia atazame huko huko. Mavazi nunueni makubwa yavaliwe JUU ya koti, baridi ya Februari mnaijua. Wachanga wazibwe masikio, ngoma zile ni nzito. Na kila mtoto aandikwe namba ya simu mkononi.

Mama Shani, 11:20
Mimi na Shani hatuji. Sababu mnaijua.

Mjomba Hamisi (Bonn), 11:34
Dada, jambo la miaka miwili hilo. Mtoto si alipatikana, tena na chokoleti zake mkononi.

Mama Shani, 11:36
Alipatikana baada ya dakika 40. Uliniambia "niachie mimi namshika". Ukamwachia uokote maua.

Mjomba Hamisi, 11:37
Yalirushwa miguuni pangu

Baba Zuhra, 11:41
📷 Oneni walichonifanya ofisini leo, wanawake wamekuja na mikasi 😂😂 tai imebaki nusu

Shemeji Juma, 11:42
🤣🤣 Alhamisi ya akina mama hiyo, siku ya kukata tai za wanaume! Si ile tai ya harusi?

Baba Zuhra, 11:42
Ndiyo yenyewe

Shangazi Rehema, 11:44
Baba Zuhra, ungesoma juu kwanza.

Bibi (Tanga), 13:05
🎤 Ujumbe wa sauti, 1:12

Shangazi Rehema, 13:20
Naandika alichosema Mama, kwa walio kazini:
"Wanangu, nimewasikia. Sherehe hiyo mimi naielewa, ni vunjajungu lao. Jumatano wanapakwa majivu waingie Kwaresima, na sisi mwezi ukiandama tunafunga. Mwaka huu tumekutana mlangoni. Hamisi, usiingie Ramadhani na kinyongo cha dadako shingoni. Usimwambie mtoto alipatikana. Mwambie uliachia mkono. Na Zuhra asipite pale akatafuta watu wake akawakosa."

Neema, 14:47
Tumesikia Bibi. Shikamoo.

Mjomba Hamisi, 16:10
Dada, niliachia mkono. Nisamehe. Nakupigia jioni nikitoka kazini.

Mama Shani, 18:32
Shani anauliza kama lile vazi la duma bado linamwenea. Sijamjibu.

Shangazi Rehema, 18:33
Lete nilipime kesho, pindo nitashusha mimi. Kile kigari cha kuvuta cha buluu kiko kwa nani? Watoto wadogo hawawezi kusimama saa zote zile.

Shemeji Juma, 18:50
Kwa Hamisi

Mjomba Hamisi, 18:58
Kiko kwako tangu Idi.

Shemeji Juma, 19:04
Ngoja niangalie stoo

Shangazi Rehema, 21:40
📷 Magamba ya Zuhra yamekwisha. Samaki mzima kwa mabaki ya zile kanga za Mama, kila gamba nimelishona kwa mkono. Jina la kanga limeangukia mkiani, sikutaka kulikata. Amelivaa, hataki kulivua alale.

Neema, 21:52
Mashallah 😍 Mimi na wanangu wawili tunakuja. Samahani kwa kuchelewa.

Shangazi Rehema, 21:55
Ahsante Neema. Hamisi, umepiga?

Mjomba Hamisi, 21:57
Nimepiga mara mbili. Haikupokewa.

Shangazi Rehema, 21:58
Mama Shani, niwahesabu?

Shemeji Juma, 22:03
Tunakutana saa ngapi vile? Na mwavuli wa mtoto je, ule mdogo?