Naomba ushauri: tangi la samaki la maji ya bahari, amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) haishuki

Habari zenu wakuu. Nipo Dar, nina tangi la kioo la lita 200, la kwanza kwangu la maji ya bahari. Lilikaa wiki tatu na mawe na mchanga, kisha nikaweka samaki watano siku moja. Hapo ndipo nilipokosea. Wawili wamekufa, na inaniuma. Amonia inasoma 0.5, chumvi 1.025, joto la mchana nyuzi 30. Nimepunguza chakula, nimebadilisha robo ya maji mara mbili. Feni imeshusha joto hadi 28, ila maji yanakauka haraka, najazia yasiyo na chumvi.

Je, nibadilishe maji kila siku, au nitawavuruga bakteria wanaoondoa amonia? Na matumbawe laini nisubiri hadi vipimo visomeje?