Nimemaliza darasa la gesi Uingereza, sina fundi wa kunishika mkono. Msaada wakuu

Mtanga wa Leicester:
Wakuu, habari za humu. Nina miaka 34. Nyumbani nilikuwa fundi bomba wa mahoteli, maji na gesi ya mtungi, kwanza Tanga halafu Unguja. Hapa Leicester nina miaka minne, makaratasi yangu yako sawa, usiku nafanya kazi ghalani. Mwaka jana nikajikamua nikalipia kozi ya ufundi gesi wa majumbani. Darasa na karakana nimemaliza. Kilichobaki ni kufanya kazi kwenye nyumba za watu chini ya fundi aliyesajiliwa, nijaze potifolio (faili la ushahidi wa kazi nilizofanya), ndipo niruhusiwe kukaa mitihani ya ACS, ile ya kupima ustadi wa gesi, na kuomba kadi ya Gas Safe, rejista ya mafundi gesi wa hapa.

Wakati wananiuzia kozi waliniambia fundi watanitafutia wao. Huu ni mwezi wa tano, nikipiga simu naambiwa "tunalishughulikia". Nimewaandikia mafundi kama arobaini. Waliojibu ni wawili: mmoja hana nafasi garini, mwingine anataka nimlipe yeye pauni 80 kwa siku. Nimlipe? Halafu kuna jamaa yetu hapa anataka nimfungie jiko la gesi. Nikawaza, si ndiyo nafasi ya kupata picha za potifolio?

Kava la Boila:
Nianze na hilo la mwisho maana limenishtua. Jiko la jamaa yako usiliguse. Kufanya kazi ya gesi kwa malipo bila kuwa kwenye rejista ni kosa la jinai hapa, na sheria yenyewe ni ya 1998, si ya jana. Halafu hata ukiifanya vizuri, picha hizo hazina thamani yoyote: hakuna aliyekusimamia, hakuna wa kusaini. Utakuwa umejipigia picha za ushahidi dhidi yako mwenyewe.

Mimi niko kwenye rejista tangu enzi za CORGI, waliokuwa wanaishika zamani, kabla Gas Safe haijachukua kazi hiyo Aprili 2009. Nimeshachukua vijana watatu, kwa hiyo nikwambie fundi anawaza nini akipata ujumbe kama wako. Anawaza: huyu akikosea, kadi inayochezewa ni yangu. Kazi unayofanya chini yangu ni kazi yangu. Nikiondoka kwenda kununua fitingi nikakuacha unafunga bomba peke yako, huo si usimamizi. Ndiyo maana ujumbe wa "naomba nafasi nipate potifolio" tunaufuta. Umetuambia unachotaka wewe, hujatuambia utatupunguzia nini.

Mtanga wa Leicester:
Daah. Nilichoandika ni hivyohivyo, neno kwa neno.

Kava la Boila:
Basi andika upya. Wewe ni fundi bomba! Kushusha rejeta (vile vyuma vya ukutani vya kupasha chumba joto), kuosha mfumo wa maji, kubadilisha valvu, kuvuta mabomba ya shaba upande wa maji, hayo yote unaweza kufanya kuanzia siku ya kwanza bila kadi. Mwambie hivyo. Ila ujue mpaka uko wapi. Kava la boila, ile mashine ya gesi ya kupasha maji na nyumba, likiwa ndilo linaloziba chumba cha moto, kulifungua tu tayari ni kazi ya gesi. Hapo unasimama, unamwita mwenye kadi.

Mama Chapati Reading:
Mume wangu alipitia hayohayo, mdogo wangu. Barua pepe hazikumsaidia hata kidogo. Kilichomsaidia ni kaunta ya duka la vifaa vya mabomba asubuhi mapema. Mafundi wote wanapita pale kabla ya kazi. Alikuwa anakwenda saa kumi na mbili na nusu, ananunua hata utepe wa kuzibia tu, anasalimia. Wiki ya tatu muuza duka mwenyewe akamwambia, kuna mzee fulani mgongo unamuuma, anatafuta mtu wa kumbebea boila. Akaanza kwa kubeba.

Geji 20:
Naongezea upande wa potifolio, kwa sababu watu wengi wanapata fundi halafu bado wanakwama. Kwanza nenda kituo utakachofanyia mitihani, uliza wao wanataka kazi zipi na ngapi. Wao ndio watakaokubali au kukataa faili lako.

Pili, geuza kadi ya huyo msimamizi. Mbele kuna picha na namba yake, nyuma ndiyo kuna orodha ya kazi anazoruhusiwa. Kama nyuma pana majiko tu, hawezi kukusaini boila. Namba yake ihakiki kwenye tovuti ya Gas Safe, na usione haya. Mtu safi hakasiriki.

Tatu, jaza siku ileile. Tarehe, aina ya kifaa, vipimo ulivyosoma, wewe ukionekana kwenye picha, na saini yake. Mimi niliahirisha wiki sita, nikarudi nakuta sikumbuki presha ya nyumba hata moja. Jamaa aligoma kusaini, na alikuwa na haki.

Na usitegemee fundi wa kukagua nyumba za kupanga peke yake. Wenye nyumba wanatakiwa na sheria kukaguliwa kila miezi 12, kwa hiyo kwa siku utaona vifaa vingi na utapima sana. Ni shule nzuri. Lakini kufunga boila jipya mwanzo mpaka mwisho hutakuona huko.

Kijana wa Slough:
Samahani kuingilia. Mwenye viza ya mwanafunzi anaweza?

Kava la Boila:
Kozi ya chuo muhula ukiendelea kwa kawaida mwisho ni saa 20 za kazi kwa wiki, na kujiajiri hakuruhusiwi kabisa. Mafundi wengi wadogo wanataka mtu anayejitegemea. Ongea na mshauri wa uhamiaji kabla hujalipa chochote.

Mzee wa Mtungi:
Mimi niko Dar, nasoma tu. Huku fundi gesi ni anayebeba mtungi begani na kukufungia regulata. Mtanga amefunga gesi hotelini miaka yote hiyo, kweli bado hajui?

Geji 20:
Mzee, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Hii ya bomba huku ni nyepesi, inapanda darini. Hapo tu tabia ya kutafuta uvujaji imebadilika. Halafu kuna kupima mfumo mzima: unapandisha presha mpaka milibari 10 uone kama valvu ya mita uliyoifunga inapitisha gesi, kisha 20, unaiacha itulie dakika moja, unaangalia geji dakika mbili. Bomba jipya halitakiwi kushuka hata kidogo. Na moshi unapimwa kwa mashine, kwa sababu monoksidi ya kaboni, ile hewa ya sumu, haina harufu. Familia inalala, haiamki.

Mtanga wa Leicester:
Geji ana haki. Kule nilikuwa napaka povu la sabuni, lisipotoa mapovu naondoka.

Na zile pauni 80?

Mama Chapati Reading:
Wapo wanaolipa. Mimi nisingetoa kabla ya kwenda naye siku moja bure nione kama anafundisha au anakusanya hela. Wengine wana vijana wanne garini, kila mmoja anashika spana dakika kumi, picha, saini.

Kava la Boila:
Vijana wanne! Huyo mkimbie. Na waliokuahidi fundi kwenye kozi, wadai kwa maandishi. Kama ahadi imo kwenye mkataba, una pa kushika. Kama ilisemwa kwenye simu tu, kazi ipo.

Mtanga wa Leicester (wiki tatu baadaye):
Wakuu, mrejesho. Kwenye mkataba wameandika "tutasaidia kutafuta", basi. Nimewaandikia, nasubiri.

Kaunta imejibu. Nimepata baba mmoja wa Kipunjabi, kadi yake nimeigeuza mbele yake, akacheka. Boila, majiko na hita zote zimo. Hanilipi, simlipi, mafuta ya gari tunachangia. Siku mbili kwa wiki, Jumatatu naanza na kushusha rejeta tisa. Kaniambia nije na pedi za magoti na chakula changu.