Maji matupu yananichoma usoni: ni utitiri?

Mama Lishe Nkuhungu
Habarini ndugu zangu. Napika na kuuza chakula hapa Nkuhungu, Dodoma, kutwa uso uko kwenye moshi na mvuke. Tangu upepo huu wa Juni uanze na vumbi lake, mashavu na pua vinaniwaka, hata nikinawa maji matupu. Vipele vidogo vipo, lakini si chunusi. Duka la dawa walinipa kitubu cha betamethasoni, dawa ya kupaka ya kutuliza ngozi: nikipaka napoa, nikiacha moto unarudi maradufu. Mdogo wangu anasema kuna utitiri unaishi usoni mwa binadamu. Mie utitiri ninaoujua ni wa kuku! Nipake BBE, ile dawa ya maji ya upele?

Tabibu wa Kongwa
Mama, BBE usoni usithubutu, itakuunguza zaidi. Utitiri upo kweli, unaitwa Demodex. Mjerumani Gustav Simon aliuandika tangu 1842. Mrefu wao hufika kama milimita 0.4, ana miguu minane, anakaa kwenye kinyweleo kichwa kikitazama ndani. Usiku hutoka kutafuta mwenza. Watu wazima karibu wote tunao, kwa hiyo kuwa nao si ugonjwa. Shida ni wakizidi: wenye rozasea, ule ugonjwa wa uso kuwaka na kutoa vipele, mara nyingi hukutwa nao wengi. Ila wataalamu bado wanabishana kama wao ndio chanzo, au wamestawi kwa sababu ngozi ilishaharibika. Mie hicho kitubu ndicho kinanitia shaka. Dawa za namna hiyo hushusha kinga ya ngozi, na utitiri hujaa. Joto la jiko na jua navyo huichokoza.

Kijana wa Singida
Kumbe kila usiku kuna harusi usoni kwangu na kadi sijapewa 😂 Si achome tu ile sindano ya aivamektini ya kuua wadudu wa ng'ombe?

Tabibu wa Kongwa
Ya ng'ombe mwachie ng'ombe, kijana. Ya binadamu ipo ya kupaka, na daktari ndiye anayeandika.

Mama Lishe Nkuhungu
Asante daktari. Hicho kitubu nikiache leo leo?

Tabibu wa Kongwa
Kama umekipaka muda mrefu, ukikata ghafla uso utalipuka. Nenda kliniki ya ngozi na kitubu chenyewe mkononi, wakupangie namna ya kuacha. Watakwangua kidogo waangalie kwa hadubini. Siku hiyo usipake mafuta usoni.

Mama Lishe Nkuhungu
Jumatatu basi, Jumapili nina oda ya pilau.