Mtafiti anapika data za tiba, watu wanaumia, halafu halali hata selo?

Wakuu hii kitu inanikera sana. Mtu anatunga utafiti wa tiba, akibambwa utasikia "makala imeondolewa" basi yameisha.

Chukulia Andrew Wakefield wa Uingereza. 1998 katoa makala kwenye Lancet, jarida la tiba, watoto 12 tu, akahusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubella na usonji. Kumbe kuna mwanasheria alikuwa anaandaa kesi dhidi ya watengeneza chanjo na ndo anamlipa, zaidi ya pauni laki 4, kakaa kimya. Lancet wameifuta 2010, MIAKA 12 baadae!! Mwaka huohuo akafutwa kwenye rejista ya madaktari, jela hajaenda, na sisi huku mpaka leo watu wanafowadi kwenye magrupu ya WhatsApp eti mtoto akichanjwa surua atapata usonji, hata hawajui uongo ulianzia wapi.

Sasa cheki Dong-Pyou Han, mtafiti wa Iowa kule Marekani, yeye alichanganya kingamwili za binadamu kwenye damu ya sungura ili chanjo yake ya ukimwi ionekane inafanya kazi. 2015 akala miezi 57 na kuamriwa arudishe dola milioni 7.2. Safi sana, ila angalia alifungwa kwa nini, alidanganya kwenye mambo ya ruzuku ya serikali. Yaani hela ya serikali ina mwenyewe, watoto wa watu hawana!

Najua mtaniletea Macchiarini, eti mbona yeye alihukumiwa, yule daktari wa upasuaji aliyekuwa Sweden, wa kupachika bomba la hewa la plastiki kooni. Mgonjwa wake wa kwanza wa hilo plastiki alikuwa Mueritrea anasoma zake Iceland, kafanyiwa Stockholm 2011, makala ikatoka inasema jamaa anaendelea vizuri, 2014 kafariki, na makala yenyewe wamekuja kuifuta 2018. Mahakama ya rufaa 2023 ikampa miaka miwili na nusu kwa wagonjwa watatu, tena kesi ilikuwa ya kujeruhi, makala za uongo hazimo kwenye hukumu.

Na msije na ile ya "watafiti wataogopa kufanya kazi". Kukosea hesabu kila mtu anakosea, mimi namsema aliyekaa chini usiku akabadilisha namba huku anajua kuna mgonjwa atameza hiyo dawa.

Wanasheria wa humu, kwa sheria zetu Bongo huyu anashtakiwa kwa kifungu gani? Na mgonjwa akiumia anambana nani, mtafiti, hospitali, au NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) waliotoa kibali?